Madam na Kipandauso Chake

Jina lake nalijua, ila sitaliandika. Hata shuleni hatukulitumia. Walimu wote wa kike tuliwaita Madam, lakini ukisema Madam tu, bila kuongeza wa Hisabati au wa Jiografia, kila mtu alijua unamsema yeye, mwalimu wa Biolojia, na wengi waligeuka kwanza kutazama kama yupo nyuma yao. Alikuwa na tabia ya kutokea nyuma ya watu. Alivaa raba za kitambaa zisizo na kishindo, kwa sababu viatu vya kisigino, alisema, vinamgonga kichwani. Basi nianzie hapo, maana huwezi kumweleza Madam bila kueleza kichwa chake.

Alikuwa mwembamba, mfupi kuliko wengi wetu, na hakuwahi kupaza sauti. Walimu wengine walikuwa wakigonga meza hadi chaki zinaanguka. Yeye aliongea kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa, nasi tukanyamaza wenyewe ili tumsikie. Tulidhani ni namna yake ya ukali, na ilitutisha kuliko fimbo. Kumbe makelele yalimuumiza, ya kwetu na ya kwake mwenyewe.

Alikuwa na swali moja ambalo nadhani hata wanaye walizaliwa wakalikuta. Ukimjibu chochote, hata kama umejibu sawasawa, alikuuliza: "Na kwingine je?" Glaikojeni huhifadhiwa wapi? Kwenye ini, Madam. Na kwingine je? Kwenye misuli, Madam. Hapo ndipo alipokuacha ukae, bila kukusifu. Swali hilo hakuliacha shuleni. Muuza vitumbua akimwambia unga umepanda bei Kitangari, aliuliza na kwingine je, na mwenzake alilazimika kueleza bei za Newala na Masasi kabla hajalipwa. Siku moja kanisani padri alilaumu vijana kwa kuacha ibada, na kutoka upande wa akina mama ikasikika sauti ndogo: "Na kwingine je?" Watu wakacheka hadi padri naye akacheka, kisha akageukia akina baba, ambao wengi wao hawakuwepo.

Ila asante hakuipenda kabisa. Ukimshukuru alikuuliza asante ya nini, na ukisema ya nini, unajua kilichofuata. Kwa hiyo watu tulimaliza miaka minne mikononi mwake tukiwa na shukrani zetu kooni, na wengi waliondoka nazo.

Kwetu Kitangari maji ndiyo habari ya kwanza na ya mwisho. Tuko juu, maji yako chini bondeni, na yakipandishwa kwa bomba yanakuja kwa mgao, leo mtaa huu, kesho mtaa ule. Kila mwanafunzi aliingia shuleni na kidumu cha maji, na asiye nacho alirudishwa. Madam alikuwa na desturi yake juu ya hilo. Kiangazi kikikaza, hakwenda nyumbani kwa mtu mikono mitupu. Alikwenda na kidumu. Alisema mgeni anayekunywa maji ya mwenyeji mwezi wa Septemba amekuja kuiba. Watu walimcheka kwa hilo, huku wakiyapokea maji.

Aliyatumia maji kufundishia pia. Somo lenyewe tulifundishwa kwa Kiingereza, kama sheria inavyotaka, hadi mlango ulipofungwa. Mlango ukishafungwa alihamia Kiswahili, na ndipo tulipoanza kuelewa. Muhtasari ulimtaka afundishe ubongo kwa picha na majina ya sehemu zake. Yeye alitaka tujue ubongo unakunywaje. Alitueleza kwamba mishipa ya damu kichwani ina misuli kwenye kuta zake, inaweza kupanuka na kubana, na wanaoiamuru ni wale wale wanaofanya kazi, yaani seli za neva. Seli ikifanya kazi humwaga kemikali, na kutokana na kemikali hiyo habari hufika kwenye mshipa kwamba hapa pana kazi, leteni damu.

"Lakini kemikali haibishi hodi popote," alisema. "Inatafuta kipokezi chake. Mnamjua fundi wa maji? Mnaweza kuizunguka koki yake mkapiga kelele mtaa mzima. Itafunguka?"

"Haifunguki, Madam."

"Inafunguka kwa nini?"

"Kwa spana yake."

"Haya. Kemikali ni spana, kipokezi ni kile kichwa cha koki. Na spana hiyo hiyo koki nyingine inaifungua, nyingine inaifunga. Inategemea imekaa kwenye kipokezi gani."

Tulielewa vizuri mno, ndiyo taabu. Kwenye mtihani wa muhula, karibu darasa zima liliandika kwamba ubongo hupata damu kwa mgao, upande mmoja ukipata upande mwingine hukatiwa, na mwenzetu mmoja akaongeza ratiba kabisa, kulia Jumatatu na kushoto Alhamisi, kama mtaa wao. Madam alitusomea majibu hayo darasani. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka mpaka machozi, na alipomaliza alishika paji la uso, kwa sababu hata kicheko kilimuuma.

"Kosa ni la spana yangu," alisema. "Ubongo haukatiwi, jamani. Damu iko siku zote. Palipo na kazi ndipo inapoongezwa. Ubongo ungekatiwa kama Kitangari, sote tungekuwa tumeshazikwa."

Sasa nije kwenye kitambaa. Siku nyingi alikuja shuleni kichwa kikiwa kimefungwa kitambaa cheusi, kimekazwa hadi nyusi zinapanda. Mwalimu wa sayansi, mwenye vipokezi na kemikali zake, amejifunga kichwa kama bibi wa kijijini! Mwalimu mwenzake alimtania hivyo siku moja mbele yetu. Akajibu, "Hakifiki ndani, najua. Lakini kinajua kukaa na mimi." Wakati mwingine aliacha kipindi katikati, akavaa miwani ya jua ndani ya darasa, akatoka akishika ukuta, na tukamkuta amelala kwenye stoo ya maabara, dirisha limezibwa kwa kitenge. Alitapika nyuma ya jiko la shule. Watu waliona, na watu hawakosi maelezo. Walisema anakunywa nipa, ile pombe kali ya mabibo. Mwanamke asiye na mume, msomi, macho mekundu, anatapika mchana kweupe. Kila kitu kiliingia mahali pake.

Yeye hakuwahi kukanusha. Alikuwa na kiburi cha namna hiyo, aliona afadhali adhaniwe mlevi kuliko mgonjwa, maana mlevi watu wanamwogopa na mgonjwa wanamhurumia. Na huyo huyo mwenye kiburi alikuwa mkimbizi wa kila mwaka. Alikuwa na shamba la mikorosho alilorithi, na hapakuwa na mtu aliyehimiza kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, kuliko yeye. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasicheleweshe, ubwiriunga, ule ukungu mweupe, utakula maua yote. Siku vijana wakiwasha mashine kwenye shamba lake, yeye alikuwa ameshapanda gari la Masasi kwa dada yake, kwa sababu harufu ya salfa ilimwangusha kuliko kitu chochote duniani.

Mimi iliniangusha nikiwa kidato cha tatu. Upepo ulikuwa unaleta salfa dirishani. Madam aliniambia, "Fatu, soma mstari wa pili." Nilisimama nikatazama ubao, na kila neno lilikuwa na mwanzo bila mwisho. Upande wa kulia wa kila kitu ulikuwa haupo. Mahali pake palikuwa na mwanga wa kona kona kama meno ya msumeno, unatetemeka na kusogea.

"Naona nusu, Madam," nikasema. Darasa likacheka.

Yeye hakucheka. Alikuja hadi karibu, akaniuliza kwa ile sauti yake, "Kona kona?"

"Ndiyo."

"Zinatembea?"

"Zinatembea."

Alinishika mkono akanipeleka stoo, akanilaza kwenye mkeka wake, akaziba dirisha kwa kitenge chake. Akasema, "Macho yatarudi sasa hivi. Halafu kichwa kitakuja, upande mmoja. Usiogope. Kitakuja na kitaondoka." Na kikaja vile vile, kama alikuwa amekiita. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuniambia ugonjwa wangu kabla haujafika. Nililala pale kichwa kinapasuka, na bado ninakumbuka nilichohisi. Nilihisi salama.

Maana haikuwa mara ya kwanza. Nyumbani hali hiyo ilikuwa na jina tayari, jini, na mjomba wangu alikuwa ameshapanga dawa yake. Kwetu mjomba akisema jambo la mtoto wa dada yake, limesemwa. Alisema nikakae kwa fundi mmoja wa mashetani huko bonde la Ruvuma hadi korosho zitakapoanza kuokotwa. Shule? Shule itasubiri. Mama hakutaka, lakini kaka yake alikuwa ameshasema. Mimi nilijua wasichana waliosubiriwa na shule. Hakuna aliyerudi.

Niliporudi siku ile ya stoo, mjomba alisema tunaondoka Jumamosi, na kesho yake shuleni nikamwambia Madam.

Ijumaa jioni, jua likiwa bado kali, ikasikika hodi. Madam aliingia uani kwetu, kitambaa cheusi kimekazwa, miwani ya jua usoni, kidumu cha maji kichwani. Alikuwa ametoka nyumbani kwake hadi kwetu kwa miguu, na si karibu. Mama alipiga goti kumpokea mzigo. Madam akamwamkia bibi yangu shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa kwenye kigoda mahali penye kivuli, akamgeukia mjomba.

Mjomba akamwahi. "Mwalimu, karibu. Lakini hili si la shule. Hili la kwetu."

"Nimesikia, Baba Salumu. Sijaja kugombana na jini wa mtu. Nimekuja kuuliza tu. Akija huyo jini, mtoto anaona vimulimuli vya kona kona?"

"Ndivyo anavyosema," mama akajibu.

"Halafu upande mmoja wa macho unazimika?"

"Ndiyo."

"Halafu kichwa nusu, anatapika, hataki mwanga, hataki mtu aongee?"

Bibi akaweka ungo chini. "Nnungu wangu! Nani kakwambia yote hayo?"

"Hakuna aliyeniambia, bibi. Ninacho mimi, tangu nikiwa mkubwa kama huyu. Yale mnayosema Madam anakunywa nipa, ndiyo hayo."

Mama akatazama chini. Nadhani kila mtu mzima pale uani alikuwa amelisema hilo, na wote walijua kwamba yeye anajua. Kuku tu ndio walioendelea na mambo yao.

Mjomba akauliza, "Sasa wewe mbona hukwenda kwa fundi?"

"Nilikwenda." Akafungua kitambaa. Kwenye panda za uso, pande zote mbili, kulikuwa na chale, mistari midogo myeusi imepangwa vizuri. Miaka miwili na zaidi nilikuwa nimekaa mbele ya kichwa kile sijaiona. "Nilichanjwa hapa na hapa. Nilichezewa ngoma. Nilikaa msimu mzima, mtihani ukanipita, nikarudia mwaka na wadogo zangu. Siku niliyorudi nyumbani kichwa kikarudi nami. Baba Salumu, hiki ni kipandauso. Ni mishipa na neva za kichwani zinazopeana habari vibaya. Hata waliosoma wanabishana nani anaanza, lakini dawa zipo. Mpelekeni hospitali Ndanda kwanza. Ikishindikana, bonde la Ruvuma haliendi mahali."

Mjomba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayeogopa kunipoteza. Mwisho akasema, "Basi hospitali kwanza. Ikishindikana, Mwalimu, nakuja kwako mwenyewe."

"Njoo," Madam akasema, akifunga kitambaa chake. "Njoo na maji."

Ndanda nilipewa jina la ugonjwa lile lile, vidonge, na maelekezo ya kula kwa wakati na kulala kwa wakati. Havikuniponya. Vilinisaidia kuishi nacho, na mtihani nikaufanya na wenzangu. Gharama yake aliilipa yeye, na haikuwa ya fedha. Habari za uani kwetu zilifika shuleni kabla ya Jumatatu, na tangu hapo ile hofu iliyokuwa inamlinda iliisha. Wanafunzi walianza kumpa pole. "Madam, kichwa?" walimuuliza kwa huruma, na yeye alikunja uso kana kwamba wamemtukana. Alivumilia huruma hiyo hadi alipostaafu, na najua ilikuwa kwa ajili yangu.

Mimi nikaenda kusomea famasi. Kwenye somo la dawa za kipandauso, mwalimu wetu wa chuo alipotaja serotonini na vipokezi vyake kwenye mishipa ya kichwa, nilikuwa nikisikia spana ikigonga koki. Leo nina duka la dawa Masasi, karibu na stendi, miamba ile mikubwa ikituchungulia kwa nyuma.

Msimu wa salfa uliopita, asubuhi, aliingia dukani. Alikuwa amezeeka, amepungua zaidi, kitambaa kile kile au ndugu yake. Nilimwamkia, akaitikia akiwa ameshika kaunta.

"Fatu, nipe vile vidonge vyangu vya kubana mishipa. Vya Newala vimekwisha."

"Kaa kwanza, Madam, nikupime presha."

"Sikuja kwa presha. Kesho mjukuu wangu anapata kipaimara, siwezi kuingia kanisani na kichwa hiki."

Nilimpima huku akinung'unika. Ilikuwa juu, juu kiasi cha kunitisha. Nilimuuliza kama kuna kingine. Akasema hakuna, ila kifua kinabana kidogo akipanda kilima, uzee tu. Nikamwambia kwamba vidonge hivyo sitampa.

Alinitazama kama siku zile za ubaoni. Wateja walikuwa wamesimama nyuma yake. "Mimi ndiye niliyekufundisha dawa hizo zinafanya nini."

"Ndiyo, Madam."

"Zinafanya nini?"

"Zinashika vipokezi vya serotonini kwenye mishipa ya kichwa, mishipa inabana."

"Basi nipe."

Sikuwahi kumjibu mtu mzima hivyo maishani mwangu, sembuse yeye.

"Na kwingine je, Madam?"

Niliona macho yake yakitafuta, kama yetu yalivyokuwa yakitafuta kwenye dari la darasa. Mkono wake ukapanda polepole hadi kifuani.

"Kwenye moyo," alisema.

Nilimwacha msaidizi wangu kaunta, nikampeleka chumba cha nyuma, nikaziba dirisha kwa kitenge, nikampa dawa ya maumivu ya kawaida, kisha tukapanda bajaji hadi hospitali. Daktari akamlaza. Alisema mishipa ya moyo wake imeshasongwa, na vidonge vile vingeimaliza.

Kipaimara alikikosa. Kesho yake jioni nilimkuta kitandani, presha imeshuka, mjukuu amekaa pembeni na gauni lake jeupe, amesafiri nalo kutoka Newala ili bibi alione. Kitambaa cheusi kilikuwa kimekunjwa juu ya kabati. Nikamwomba mtoto atuchotee maji ya kunywa, akatoka.

"Madam," nikasema, "nataka kukushukuru. Na leo hutanizuia."

"Asante ya nini?"

Miaka yote nilikuwa nimeandaa majibu mengi, ya shule, ya mtihani, ya duka. Nilipofungua mdomo yote yalikimbia. Nilikiona tu kile kitambaa kilichokunjwa, na miwani ya jua, na jua la Ijumaa ile uani kwetu. Nikaelewa kitu ambacho mimi mwenye kichwa kama chake nilipaswa kukielewa zamani.

"Siku ile uliyokuja nyumbani," nikasema. "Kichwa kilikuwa kinakuuma. Ulikuwa nacho siku ile, na ukabeba maji kichwani hadi kwetu."

Nilisubiri aniulize na kwingine je. Hakuuliza. Aligeuza uso ukutani, halafu akautafuta mkono wangu juu ya shuka.

"Kilikuwa kizito, Fatu," alisema. "Kile kidumu kilikuwa kizito."